Lili Chini ya Kamba ya Nguo

Mama alizikubali lili zangu kwa sharti moja. Alilitamka akiwa na pini mdomoni, kama anavyotamka mambo yake yote mazito.

"Doa moja tu, mwanangu. Doa moja kwenye nguo ya mteja, nazing'oa zote."

Mama ni fundi cherehani, anashona magauni ya maharusi. Akishayapiga pasi huyaning'iniza uani yapunge upepo, na udongo wetu pekee unaofaa uko chini ya kamba hiyo hiyo. Dada yangu aliponiona nachimba alicheka mpaka akakaa chini.

"Maua yenye unga wa rangi ya kutu, chini ya nguo nyeupe! Hivi chuoni ulisomea uchokozi?"

Niliendelea kuchimba. Majibu yangu huja nikiwa nimeshalala. Nilichanganya udongo na mchanga ili maji yasituame, nikafukia vitunguu vya lili, vile vinavyochipua maua, ncha zikiangalia juu, kimoja kilichozidi nikakipachika nyuma ya tangi la maji, nikatandaza nyasi kavu ili mizizi ipate ubaridi. Mashina yaliporefuka niliyafunga kwenye vijiti kwa vitambaa nilivyookota chini ya cherehani. Na machipukizi yalipoanza kufunguka, nikaazima mkasi wa nyuzi wa Mama. Kila asubuhi nilikata vile vichwa vidogo vya chavua kabla havijapasuka na kumwaga unga.

"Nani kanichukulia mkasi?" Mama alilalamika ndani. Kisha akakata uzi kwa meno, tabia yake ya tangu zamani.

Siku ya kuchukuliwa gauni kubwa kuliko yote, nilitumwa vifungo. Niliporudi nilimkuta Mama amesimama mbele ya kamba, kitambaa kilicholowa mkononi.

"Njoo uone kazi yako!"

Shingoni mwa gauni kulikuwa na doa la rangi ya kutu. Mkono wake ulishaanza kulielekea.

"Usiguse, Mama! Maji yatalizamisha!"

Nilipiga kelele. Mimi. Dada alitoka jikoni na kikombe chake kuhakikisha ni sauti yangu kweli.

Nilikimbilia seloteipu. Nikabandika kipande juu ya unga, nikakibandua polepole, nikabandika kingine. Sikuacha mpaka kipande cha mwisho kilipotoka safi na kitambaa kikabaki cheupe.

Mama alishusha pumzi. "Umeliokoa. Lakini sharti ni sharti. Kalete jembe."

Nikageuka kumsihi, ndipo nikamtazama vizuri usoni.

"Ua pekee nililosahau kulikata unga liko nyuma ya tangi, Mama. Ni mbali na kamba."

"Upepo hauna umbali."

"Upepo wenyewe ulipitia puani mwako?" dada akauliza.

Mama alijigusa ncha ya pua, akatazama kidole chake. Kilikuwa rangi ya kutu. Akautazama uzi mfupi pale shingoni mwa gauni, uzi alioukata kwa meno muda mfupi uliopita.

"Nilikuwa nakagua," alisema.

"Kwa pua?"

"Wewe nyamaza, chai yako inapoa."

Nilitaka kunyamaza na mimi, kama kawaida yangu. "Mama," nikasema, "jembe sileti."

Kabla hajanijibu, shangazi wa bibi harusi alibisha hodi. Alilikagua gauni nje ndani, akaridhika, kisha akazikodolea macho lili.

"Fundi, nikatie hata moja nikamwekee bibi harusi mezani."

"Hizo ni za binti yangu," Mama alisema. "Muombe mwenyewe."

Nilimkatia mbili, zisizo na chavua.

Mgeni alipoondoka Mama alirudi kwenye cherehani, akakata uzi kwa meno, akatema kipande.

"Mkasi baki nao," alisema bila kuinua kichwa. "Na lile la nyuma ya tangi, ukishalikata unga wake, uniite nije kulikagua."