Usingizi wa Mimea ya Mama Mkwe

Kinyozi hakuwa mtu mbaya, tuelewane mapema. Kasoro yake ilikuwa moja: alipenda kusifiwa kama paka anavyopenda kukunwa shingo. Na kwa mama mkwe wake hakuwahi kuonja sifa hata ya kusingiziwa. Mama yule, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya wodini, alikuwa na jina moja tu la kumwitia tangu amwoe binti yake. "Kinyozi, nisogezee kiti." "Mwambieni kinyozi chai iko tayari." Wakwe wenzake huitwa baba, huitwa mwanangu. Yeye kinyozi, kama vile kaja pale nyumbani kunyoa mtu.

Sasa piga picha siku mama alipoingia saluni amekumbatia beseni lenye vikopo vya mimea yake inayokula wadudu, akasema, "Mwanangu, nina shida." Kinyozi alizima mashine katikati ya kichwa cha mteja.

Mama alikuwa anakwenda kwa binti yake mkubwa aliyejifungua mapacha, na huko angekaa miezi. Mimea ile aliiotesha mwenyewe kutoka kwenye mbegu, mwaka aliofiwa na mumewe, na tangu hapo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi. Kila jani liliishia na kinywa chenye meno membamba. Nzi akitua, kinywa kinafumba, basi, habari yake imekwisha.

"Kwao mimea hii kuna baridi," mama alieleza. "Kila mwaka lazima ilale. Isipolala inajichosha mpaka inakufa. Na hapa kwetu baridi iko kwenye friji tu." Akanyoosha kidole kwenye kifriji cha soda kilichokuwa pembeni. "Ya nyumbani inagandisha hata nyanya. Yako hii ni ya kiasi. Ukiona mimea imeacha kutoa majani mapya, ipunguzie maji, iweke kivulini, usiilishe, na asiichokoe mtu. Baadaye itoe kwenye udongo, ifunge na karatasi yenye unyevu, uilaze droo ya chini. Itaonekana kama imekufa. Usishtuke, imelala."

"Nimekuelewa, mama."

"Nakuamini, mwanangu."

Mwanangu, tena mara mbili! Jioni ile alimsimulia mkewe mpaka mkewe akamwomba tafadhali ale, chakula kinapoa.

Akaipanga mimea mbele ya kioo kikubwa, jua linapofika, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana watu waliipenda. Aliyekuja kunyoa ndevu alirudi kesho yake na shemeji yake. Watoto waliingiza vidole kwenye vinywa, vikafumba, wakapiga kelele za raha. Mteja mmoja aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akinyamaza, alikuwa anakuja na vipande vya nyama kwenye mfuko. "Leo nimewaletea steki, wakubwa!" Saluni nzima hoi kwa kicheko. Na mwenye saluni kifua mbele, anaeleza habari za mimea kama profesa.

Majani mapya yakaacha kutoka. Kinyozi aliona, asitudanganye. Akajiambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja, benchi likajaa, akajiambia ngoja wikendi hii ipite. Vinywa vikaanza kuchelewa kufumba, kisha vikawa vinabaki wazi hata ukivichokoa. Kila Jumapili mama alipiga simu.

"Imelala?"

"Fofofo, mama." Na huku anaitazama juani, Redio anaibembeleza imeze kipande cha ini.

"Mungu akubariki, mwanangu."

Kila akikata simu, mashavu yalimwaka moto. Lakini kuwaka mashavu si kazi. Mimea ilibaki palepale.

Habari za kurudi kwa mama zilipofika ndipo alipofunga mlango, akaing'oa yote kwa haraka. Vishina vilivyotakiwa kuwa vyeupe na vigumu kama vitunguu vidogo vilikuwa vyeusi, vinateleza, vinanuka. Alijua. Hata hivyo alivifunga kwenye karatasi yenye unyevu, vizuri kabisa, kama alivyoagizwa, akavilaza droo ya chini.

Mama alifungua kile kifurushi mezani kwake, binti yake, mke wa kinyozi, akiwa kando. Akabonyeza kishina cha kwanza. Kikapasuka. Akabonyeza cha pili, na cha tatu, taratibu, kama anayetafuta mapigo ya moyo. Kinyozi aliomba sakafu ipasuke immeze.

"Nisamehe, mwanangu," mama akasema.

"Mama?"

"Nimekupa mzigo usio wako, tena nadhani sikukueleza vizuri. Unyevu ulizidi. Nimezeeka, nasahau." Akafuta macho kwa upande wa khanga. "Usijilaumu hata kidogo. Umehangaika bure."

Mkewe akampapasa mgongo kumfariji. Kumfariji yeye! Alitaka kusema ukweli kesho yake, na kesho yake tena, na kila alipofika mlangoni kwa mama alikaribishwa kwa sauti laini asiyostahili, akajifanya hamnazo, akanywa chai.

Siku moja yuko na Redio kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, na maneno yanamtiririka. Mama akaingia. Mkononi ana kikopo kimoja, ndani yake mmea mmoja mdogo, una kinywa kimoja kipya, chekundu ndani.

"Huu niliondoka nao," mama alisema. "Umelala kwenye friji ya binti yangu, katikati ya maziwa ya mapacha. Umeamka. Ndio pekee uliobaki." Akamwekea kinyozi mikononi. "Mimi sijiamini tena. Wewe ulifuata kila nilichosema. Utunze, mwanangu."

Redio alikuwa ameshafungua mdomo. Akamtazama kinyozi kwenye kioo, akaufunga, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu waliokuwa kwenye benchi kusikia saluni ile kimya.

"Mama, sikuilaza," kinyozi akasema.

"Hukuilaza nini?"

"Mimea yako. Niliiacha hapa, mbele ya kioo. Watu wakaja kuitazama, nikafurahi. Tukailisha nyama. Kila uliponipigia, ilikuwa hapa. Niliitia kwenye friji ulipokuwa njiani, ikiwa imekufa. Hukukosea chochote, mama. Ni mimi."

Mama hakupandisha sauti. Alitazama mahali pa mbele ya kioo, ambapo vikopo vilikuwa vimeacha alama za mviringo kwenye mbao. Alizitazama zote. Kisha akanyoosha mkono, akauchukua mmea wake kutoka kwenye vidole vya mkwe wake, akaufunika kwa khanga usipigwe na upepo wa feni.

Mikono ya mama yote miwili ilikuwa imejaa.

"Nifungulie mlango, kinyozi," akasema.

Akamfungulia.