Maksi Tatu kwa Mchezo wa Sebuleni

Kama kuna mtu aliyezaliwa kusahihisha wenzake, ni Nukta. Kazini, kwenye kiwanda cha uchapaji, alilipwa kuwinda makosa. Nyumbani aliyawinda bure. Jina hilo alipewa na wenzake wa kilabu, watu wazima na akili zao timamu waliotunga michezo ya kompyuta isiyo na picha hata moja: mashine inakueleza uko wapi, unaandika unachotaka kufanya, nayo inakujibu. Kila mwaka walishindana kirafiki, wakipeana maksi wenyewe, na hata asiye mwanachama aliruhusiwa kuleta mchezo. Urafiki wenyewe ulikatika maksi zikitangazwa, ukaungwa polepole baadaye.

Mwaka huu Nukta aliutaka ushindi kwa udi na uvumba. Aliung'arisha mchezo wake wa jumba la gavana mpaka mkewe akaijua milango yote ya jumba hilo. Mkewe, muuguzi, naye alikuwa na lake. Alikuwa ameitwa kuongoza wodi katika mji wa mbali, na hospitali ilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

"Mume wangu, nikubali au nikatae?"

"Tutaongea, mke wangu. Nimalizie sentensi hii tu."

Sentensi za Nukta hazikuwa na mwisho. Mke aliuliza tena wakati wa kula, akauliza tena akipiga pasi, hatimaye akanyamaza. Nukta akashukuru moyoni kwamba nyumba imetulia.

Ukafika wakati wa kuhukumu. Michezo ilikuja bila majina ya watunzi, na mmoja ulimuudhi kupita kiasi. "Uko sebuleni," ulisema. "Mume wako yupo hapa. Anaandika."

Nukta akaandika: *ongea na mume*. "Anasema mtaongea." *Muulize tena*. "Ameguna." Akajaribu kumletea chai, kulia, kumvua miwani, hata kumwagia maji. "Amefuta kibodi," mchezo ukajibu. Mwishowe, kwa hasira, akaandika: *toka*.

"Umetoka. Umeshinda."

Upuuzi mtupu! Akaupa maksi tatu kwa kumi, tena kwa huruma.

Siku ya matokeo walikutana nyuma ya duka la mwenyekiti, katikati ya rafu za karatasi na wino. Mkewe alifuatana naye, na Nukta akavimba kichwa: bila shaka amekuja kumshangilia. Mchezo wa sebuleni ukatangazwa wa kwanza. Jumba la gavana lilikuwa la nne.

"Nukta, wewe kuliko wote ndiye uliyeubania maksi mchezo ulioshinda," mwenyekiti alisema. "Desturi ni desturi. Soma sababu zako, ndipo tumtaje mtunzi."

Nukta akasimama, akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya mtu mwenye haki yake. "Mume huyu hana uhai. Hakuna mwanamume duniani anayeulizwa jambo zito mara zote hizo asisikie. Mtunzi afanye utafiti. Inaonekana hajawahi kuishi na mume. Isitoshe, mwisho umekuja ghafla, bila dalili yoyote."

Hakuna aliyecheka, naye alidhani hapo pa utafiti pangewavunja mbavu. Wenzake walikuwa wakitazama viatu vyao.

"Haya," mwenyekiti alisema taratibu. "Mtunzi asimame."

Mkewe akasimama.

Makofi yalikuwa mengi. Aibu ilimpata Nukta kwanza, lakini aibu ilipita. Kilichobaki ni hofu. Akamvuta mkewe kando, kwenye rafu za bahasha.

"Kwa nini hukuniambia unaumia hivi?"

"Nimekuambia, mume wangu," alijibu bila hasira. "Ukanipa tatu."

"Basi tuongee sasa hivi. Ile kazi, usiwajibu kwanza."

"Nilishawajibu. Naripoti Jumatatu."

Nukta akaanza sentensi, akaisahihisha, akaanza upya. Mkewe akamngoja kidogo, kwa adabu, kisha akaenda kupokea zawadi yake.