Ubao Usio na Tundu

Mume wangu ni fundi wa milango, na mlango wake ukifungwa hata upepo haupenyi. Sifa hiyo ndiyo iliyotuponza.

Binti yetu, kitindamimba, tangu yuko shule aliomba ubao wa kusimama majini na kupiga kasia. Baba yake akamjibu kwamba hakuzaa mtoto wa kuchezea maji. Hata alipoanza kufundisha watu kuogelea, mzee alisema hiyo si kazi. Wakanuniana miaka. Majuzi binti akanipigia simu: amepata kazi ng'ambo, atapita kutuaga siku moja tu.

Nikampa mzee habari. Akatoa kitanda cha binti chumbani, akaanza kuunda ubao humo humo: uti wa mgongo, mbavu za plaiwudi, kisha mbao nyembamba zilizogundishwa juu na chini, ndani uwazi mtupu ili uelee. Kuomba radhi kwa mdomo hajui. Aliomba kwa randa, na mimi nikafagia maranda.

Muuza mbao alimshauri aache tundu dogo lenye kizibo, ubao upumue ukiwa juani. Nami nikaongeza kwamba hata sufuria ina pa kutolea mvuke. Akasema fundi haachi tundu kwenye kazi yake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Binti alifika asubuhi, akaukuta ubao umelazwa uani unang'aa vanishi. Akapitisha kiganja juu yake, kisha akamwomba baba yake waende ufukweni papo hapo. Mzee akataka jua liikaushe vanishi kidogo, tunywe chai kwanza. Vikombe havijaisha, tukasikia mlio. Hewa ya ndani ilipata joto, ikakosa pa kutokea, ikapasua maungio kuanzia nchani hadi katikati.

"Nitauziba kesho," mzee akasema.

"Kesho sipo, Baba."

Binti alisimama akingoja. Alingoja neno moja tu kutoka kwa baba yake, na mzee alikuwa amepiga magoti akipima ufa. Teksi ikaja, wakapeana mikono kama wageni.

Jioni mzee akanimwagia yote: kwamba alikosea, kwamba anajivunia mwanawe, kwamba nyumba imekuwa kubwa mno. Roho iliniuma. Nikamsogezea simu, nikamwambia mwenye kustahili kuyasikia hayo si mimi.

Akaitazama simu, akachukua gundi.

"Nitampigia simu ubao ukishapona."