Kurasa Nne za Majina

Nilipougua kifua kikuu sikumwambia mtu. Miezi sita nilimeza dawa za zahanati yetu hapa Garzón, Kolombia, na miezi yote hiyo sikuoka biskuti hata moja. Wateja niliwaambia tanuri limepasuka. Nikapona, nikarudi sokoni.

Mwaka wa pili wezi wa mtandaoni wakaingia kwenye kompyuta za zahanati. Orodha ya wagonjwa ikazagaa kwenye simu za watu: Eduvina Perdomo, na ugonjwa wangu pembeni. Wiki hiyo biskuti zangu za achira, za wanga wa mzizi wa kwetu, zilirudi nyumbani zote. Zahanati wakasema nao wameibiwa, tuwalaumu wezi.

Kwetu mtu akinyimwa haki anaandika tutela, ombi la haraka kwa hakimu. Haitaki wakili wala ada, hata karatasi ya daftari inatosha, na hakimu ana siku kumi tu za kujibu. Niliishtaki zahanati kwa mkono wangu, nikaambatanisha ushahidi: orodha nzima, kurasa nne. Nilitaka hukumu niibandike kwenye meza yangu sokoni, kila mtu aisome.

Jioni akaja mlangoni kwangu Nubia, komadre wangu, mama wa ubatizo wa mwanangu.

"Umepeleka nini mahakamani?"

"Orodha. Yote, wasije wakasema nimetunga."

"Ukurasa wa tatu umeusoma?"

"Nilitafuta jina langu tu."

"Mimi nimo, Eduvina. Mume wangu hajui. Sasa umeniweka kwenye meza ya serikali na mhuri juu!"

Sikuthubutu kumuuliza anaumwa nini.

Kulipokucha nilikuwa wa kwanza mahakamani. Karani, Don Abelardo, akanitazama juu ya miwani.

"Bibi, karatasi ikishaingia kwenye jalada haitoki."

"Mwanangu, nimewashtaki watu kwa kumwaga majina, halafu mimi mwenyewe nimekuja kuyamwaga tena. Unataka hakimu anicheke?"

"Hakimu huyu hachekagi."

"Basi mwite, aje asicheke hapa."

Hakimu, mdogo kuliko binti yangu, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Naweza kuzifunga hizo kurasa zisisomwe na mtu," akasema. "Na kwenye hukumu nitabadilisha majina yote, lako pia. Ila fahamu, mama, sokoni hutakuwa na cha kuwaonyesha."

Nikafikiria meza yangu na biskuti zinazorudi. Nikamfikiria Nubia pale mlangoni.

"Zifunge," nikamwambia.

Siku ya tisa nikashinda. Hakimu aliandika kwamba aliyepewa siri za watu azitunze, akiacha mlango bila komeo, hawezi kujitetea kwa mwizi. Zahanati imwombe radhi kila mgonjwa kwa barua ya siri, na ifunge kompyuta zake sawasawa. Mimi humo naitwa Azucena.

Jumamosi nikapanga biskuti zangu, watu wakapita mbali vilevile. Saa mbili Nubia akaja na kiti chake, akakaa mbele ya meza, akaanza kula. Akala mbele ya watu, akitafuna kwa sauti.

"Nubia, wewe huogopi?" mwanamke mmoja akauliza kutoka ng'ambo ya njia.

"Naogopa kunenepa. Unanunua, au unanihesabia biskuti?"

Yule mwanamke akasimama kidogo, akavuka njia. Akachukua pakiti moja, eti ya mjukuu wake. Kabla hajafika kwenye kona nilimwona anaifungua.