Ana Mapepe

Bi Habiba, jirani yao wa ukuta mmoja, anaapa kwamba Johari alipanda juu ya dawati katikati ya somo la hesabu, macho yamemtoka, akanguruma kwa sauti ya kiume. Anaisimulia kisimani, anaisimulia dukani, na kila akisimulia, sauti inazidi kuwa nene. Siku hiyo mwenyewe alikuwa uani kwake, anabangua korosho.

Johari, miaka kumi, alimweleza dada yake, Mwanamina, mengine. Nyigu alikuwa anaruka darini, naye Johari akataka kuona kiota kiko wapi. Sauti ya kiume ilikuwa ya mwalimu, akimwambia ashuke.

Mwanamina hakucheka. Tangu mama yao afariki ni yeye anayemlea, na anamjua: ukimtuma chumvi, anarudi na kinyonga. Ndiyo maana alitoka naye kijijini kwao Mtunda mpaka Kibiti kwa daktari. Daktari akamwambia mtoto akili anazo, ila ubongo wake haushiki jambo moja kwa muda mrefu. Kisha akauliza: nyumbani anasomaje?

"Nampa hesabu tatu," Mwanamina alisema kwa aibu. Yeye aliishia darasa la saba. "Akimaliza anakimbia mpaka mnazini. Akirudi nampa tatu nyingine."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna. Nilimtazama tu."

Daktari akayaandika hayo hayo kwenye barua: akae mbele, apewe kazi fupi fupi, aruhusiwe kusimama.

Mwezi mzima baadaye, barua hiyo ilikuwa mezani kwa Mwalimu Abdulaziz, mwalimu mkuu, chini ya kikombe cha chai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kama ni ule upimaji wa darasa la nne, jina la mdogo wako halijaenda wilayani." Akamgeuzia daftari.

Mwanamina alisoma polepole, kidole chini ya mstari. *Johari. Ana mapepo. Walezi walete barua ya shehe.*

"Mwalimu, siku ile nilipoleta barua nilisema mapepe. Mtoto ana mapepe, hatulii. Sikusema mapepo."

"Mapepe, mapepo! Kijiji kizima kinajua. Muulize jirani yako."

"Ni herufi moja. Ifute."

"Daftari la serikali halifutwi, binti. Na nakala iko wilayani."

"Na barua ya daktari?"

"Darasa lile lina watoto tisini na sita, mwalimu mmoja. Huyu akikimbia, hao wengine watakubali kukaa?" Akashusha sauti, karibu kwa huruma. "Sikiliza. Akifeli, wastani wa shule unashuka. Wastani ukishuka, mimi ndiye nasimamishwa kikaoni mbele ya wenzangu kama mwizi wa kuku. Katafute shehe amsomee. Mwakani tutaona."

"Mwaka jana ulisema mwakani."

Mwalimu akanyanyua kikombe, akanywa. Kwenye barua lilibaki duara la chai, limekaa juu ya jina la Johari.

Nje ya dirisha, Johari, akimngoja dada yake, alikuwa amechuchumaa mchangani na kijiti. Mlango wa darasa la nne ulikuwa wazi, na ubao ulionekana mpaka kule. Aliandika hesabu tatu. Akasimama, akakimbia pekupeku mpaka kwenye mlingoti wa bendera, akaugusa, akarudi mbio, akachuchumaa tena. Tatu nyingine.

"Mapepo hayoo!" watoto walipiga kelele kutoka darasani. "Yamepanda!"

"Unaona mwenyewe," alisema mwalimu.

"Naona. Anafanya zilizoko ubaoni." Mwanamina alisogea dirishani. "Hao wenzake bado wananakili swali la kwanza. Mwalimu, tafadhali, toka ukasome majibu yake. Ni hatua kumi tu. Toka, kabla upepo haujayafukia."

Mwalimu aliweka kikombe juu ya barua. Akanyoosha mkono, akavuta dirisha, akatia komeo.