Usikanyage Breki

Emosi alikanyaga pedali ya breki mara tatu, akashuka, akalizungusha kwa mikono miwili gurudumu la mbele kulia. Gari la wagonjwa lilikuwa juu ya jeki. Gurudumu lilikwenda nusu mzunguko, likagoma. Akalegeza skrubu ya kutolea mafuta ya breki. Matone yalidondoka, gurudumu likabaki vilevile. Basi kosa halikuwa kwenye mpira wa mafuta. Pistoni ilikuwa imeganda kwa kutu ndani ya kalipa, pedi zinaibana diski hata mguu ukishatoka.

"Hii ikishuka mlima wa Labasa itachemka mpaka breki zife," alisema. "Inataka kalipa mpya."

Bwana Waisale, ofisa usafirishaji, hakuinama kutazama. Sulu yake, ile sketi rasmi ya wanaume, ilikuwa imetoka kupigwa pasi.

"Kalipa zilikuja wiki iliyopita, mzee. Ziko kwenye gari langu."

"Hili la wagonjwa je?"

"Mimi nabeba wageni wa serikali. Ulitaka wafe?" Akacheka. "Unastaafu Desemba, siyo? Angalia usilale njaa Novemba."

Waisale akachukua bisibisi ndefu, akaipenyeza kati ya pedi na diski, akaisukuma pistoni irudi ndani. Alipozungusha gurudumu, lilikwenda mizunguko mitatu.

"Limepona. Usikanyage breki tu, mpaka wakubwa waone."

Wakubwa wa Suva, mji mkuu, walifika saa nne kuwakabidhi watu wa Savusavu gari hilo kama zawadi ya serikali. Bakuli la yaqona, kinywaji cha heshima, likapita, shada la maua likawekwa juu ya boneti. Yaqona ikishanyweka mbele ya chifu, zawadi imepokelewa. Nani Savusavu angethubutu kuirudisha? Waisale alizungusha gurudumu kwa kidole kimoja, wageni wakapiga makofi.

"Mheshimiwa," alisema Emosi, "kanyaga breki kwanza, halafu ulizungushe."



"Huyu nani?" aliuliza mgeni mkuu.

"Fundi wetu, mheshimiwa. Uzee umemwingia," alisema Waisale.

"Mzee, gari limetengenezwa liende. Wewe unataka lisimame?"

Wakacheka wote, hata wale ambao wangeonyeshwa diski ya breki wangedhani ni sahani ya kuwekea mihogo.

Saa nane simu ikalia. Mama mmoja ng'ambo ya mlima alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto amekaa vibaya. Dereva Jona akawasha gari, akakanyaga breki, akaondoka. Kabla hajafika getini, harufu ya kuungua ilikuwa imetangulia; akasimama.

Waisale alimnyang'anya Emosi spana, akamtia mkononi ndoo ya maji.

"Si unaijua sana hiyo breki? Panda nyuma. Kila mkisimama, imwagie."

"Diski ya moto ikimwagiwa maji inapasuka, bwana."

"Basi mwagia taratibu."

Jona alipiga honi. Emosi akapanda. Alitafuta pa kuiweka ndoo, hapakuwapo. Kitanda kilikuwa kimoja. Akaiweka hapo, juu ya shuka jipya, akaifunga kwa mikanda ya mgonjwa ili maji yasimwagike kabla ya mlima.