Gitaa Lililodai Kiti

Msabaha hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alipata kupiga muziki Lugoba jukwaa linawaka moto, akamalizia solo yake kwanza ndipo akaruka. Huko ndiko alikovunjika mguu, mfupa ukaunga upande. Ndivyo anavyosimulia mwenyewe, na wanaomjua humwachia. Lakini Alhamisi ile, alasiri, jua bado kali juu ya mabati, alijikuta amejibana kwenye ukuta wa chumba chake, jasho jembamba linamshuka, analitazama gitaa lake kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

Lilikuwa gitaa la umeme, jekundu, rangi imebabuka pale mkono unapoegemea. Alilipenda kuliko nguo zake, na Hajra, mkewe, alikuwa akisema kuliko mkewe pia. Alilifunga nyuzi nyembamba, akaziinua kidogo kutoka kwenye shingo zisigonge chuma. Wenzake wakiliazima walilirudisha siku hiyo hiyo, wanalamba vidole vilivyochubuka. Toni yake haikuwa nene wala kali; mwisho wa kila noti ilibaki na kilio kidogo, kama mtoto anayebembelezwa. Wiki hiyo, kwa ajili ya harusi ya Kerege, Msabaha aliipandisha pikapu, ile sumaku inayonasa sauti chini ya nyuzi, ikabaki nafasi ya ukucha tu. Waya wa kwenda kwenye amplifaya ulikuwa umekatika, akauunga mwenyewe kwa kipande cha waya wa antena. Kilio kikazidi. Akacheka peke yake kwa raha.

Alipoacha kupiga, spika ikakohoa. Kisha ikasema, kwa sauti ya kiume iliyokwama puani:

"Nakitaka kiti changu."

Mgeni angedhani anaulizwa habari ya samani. Msabaha alikulia Bagamoyo, mikononi mwa bibi aliyekuwa akipandisha, na huku mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo hukikalia kiti chake, husema kwa kinywa chake, hula kwa mkono wake.

Akachomoa waya. Kimya. Kuta za nyumba ile ni za mawe ya zamani, nene kama kaburi la tajiri; sauti ya jirani haipiti. Akasoma Ayatul Kursi, akakwama katikati, akaanza upya. Kisha akauchomeka tena waya, maana alitaka kujihakikishia kuwa amesikia vibaya.

"Kile chenye mguu mbovu," ikasema spika. "Nakifuata mwenyewe leo leo, kabla hakijaua mtu."

Msabaha akautazama mguu wake.

"Hajra! We Hajra!"

Akatoka mbio uani. Hajra alikuwa akimmiminia kahawa Khamis, mpiga besi, aliyekuja mazoezini.

"Mzee wa solo," Khamis akasema, "mbona umepauka? Umebahatisha noti ya sawa?"

"Gitaa linanitaka."

"Lina haki. Miaka yote ni wewe tu ndiye unayelitaka."

Hajra hakucheka. "Limesemaje? Sema vilevile lilivyosema."

Akasema. Kikombe cha Khamis kikasimama njiani.

"Mguu mbovu? Limetaja mguu?"

"Limetaja."

Khamis akahamisha mkeka wake mbali na mlango. Hajra akajitupia kanga, akatoka kumfuata shangazi yake, Bi Mwanajuma, ambaye ni fundi wa kupunga pepo, na mtaa mzima unamjua.

Bi Mwanajuma akaingia chumbani na chetezo cha ubani na wanawake wa ngoma yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Usinitolee macho, si mimi niliyekuita."

Akainama juu ya gitaa, akalinusa. "Nani alikwambia uliongezee kilio?"

"Nilitafuta toni ya harusi."

"Umepata ya kupungia. Kila pepo ana wimbo wake, baba. Ukimpigia wake, apande asipande? Sasa keshachagua pa kukaa. Una mawili. Gitaa likatupwe baharini maji yakijaa, naye alifuate huko. Au ukubali kuwa kiti. Ukikubali gitaa ni lako, na wewe ni wake."

Msabaha aliwajua viti. Alimjua Dija, mama mpole asiyekanyaga sisimizi, aliyezindukana siku moja katikati ya soko la samaki ana mkia wa papa mdomoni, mbichi, na watu wamempisha njia. Hata leo hakumbuki. Mwili wake Msabaha, mtu mwingine ndani! Upande wa pili aliiona mikono yake mitupu magotini, mchana kutwa, mpaka afe.

"Lipige," akaamuru Bi Mwanajuma. "Tumsikie mwenyewe."

Akaketi, akapiga noti moja tu. Spika ikakohoa.

"Nimeshafika," ikasema. "Niko mlangoni."

Mwanamke mmoja akaangusha chetezo.

"Nimekubali!" Msabaha akapiga ukelele. "Gitaa msilitupe! Kiti ni mimi! Nimekubali!"

Vigelegele vikapasuka. Shuka nyeupe ikamshukia kichwani, ubani ukamjaa puani, ngoma ikaanza. Ndani ya weupe ule alisikia moyo wake, na nyuma ya moyo, mlango ukigongwa.

"Hodi!"

Wapigaji wakazidisha ngoma.

"Hodi wenyewe! Hamsikii?"

Akaingia Abuu, mkodishaji viti, aliyehamishia stoo yake ukuta wa pili mwezi ule. Mkononi ana redio koli, kama za walinzi. Sauti yake ilitoka puani.

"Mbona mnanitazama hivyo? Nimefuata kiti changu. Mtu wangu alikileta hapa kwenye hitima yenu ya juzi kwa makosa, mguu wake mbovu. Nimemwambia kwenye redio tangu mchana nakifuata mwenyewe, kisije kikaangusha mzee wa watu, nikaambiwa nimeua."

Macho yote yakashuka kwenye kiti cha plastiki alichokikalia Msabaha. Mguu mmoja ulifungwa kwa mshipi wa kuvulia.

Khamis alicheka mpaka akagaragara. Hajra alicheka na machozi. Msabaha akaivua shuka, akacheka kuliko wote.

Bi Mwanajuma hakucheka.

"Ulimkubalia Abuu?" akauliza.

"Shangazi, si umesikia? Waya wangu umenasa redio yake."

"Nimesikia. Wewe ulipokubali ulimjua Abuu? Ulikubali, ngoma ikapigwa, shuka ikakufunika. Pepo aliyekuwa anapita akakusikia."

Kicheko kikafa.

"Abuu, ndugu yangu," Msabaha akasema, "sema hapo kwenye redio. Sema hukitaki tena."

Abuu akabonyeza. "Kiti nimekiacha. Sikitaki tena."

Wote wakaigeukia amplifaya. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka, waya uko mahali pake. Maneno ya Abuu hayakutokea humo. Haikukohoa hata.

"Betri," Khamis akanong'ona.

Abuu akaitazama redio. Kijitaa chake cha kijani kilikuwa kimewaka vizuri.

"Bonyeza tena," akasema Hajra.

Abuu akakitazama kidole gumba chake, asibonyeze. Akaaga kwa heshima, akatoka kinyumenyume, na kiti akakiacha.

Msabaha alilaza kiganja juu ya nyuzi zisilie. Kisha akaiokota shuka, akajifunika mwenyewe.

"Shangazi," akasema kutoka mle ndani, "anapenda wimbo gani?"